Injini ya Ishirini

Fundi mmoja aliyeitwa Kajiru alikuwa na gereji katika milima ya Upare, pale barabara ya vumbi inaposhuka kutoka juu na kukutana na lami. Ilikuwa gereji ya mabati machache, shimo la kuingilia chini ya gari, winchi moja ya mnyororo, na ukuta wa spana zilizopangwa kwa ukubwa. Lakini jina lake lilivuka mipaka ya wilaya, kwa sababu palikuwa na kazi moja aliyoijua kuliko mafundi wote wa upande ule. Ukimpelekea gari dogo lililochoka, lile linalopanda mlima huku likilia, alitoa injini yake ndogo akaweka kubwa. Palipobana alikata, palipopwaya alichomelea, na baada ya siku kumi gari lilitoka likinguruma kama lori. Wenye magari walikuwa wakiambiana, "Mpelekee Kajiru, atalitia moyo mwingine." Alikuwa ameifanya kazi hiyo mara kumi na tisa. Hakuiandika idadi hiyo popote, lakini aliijua kama mtu anavyojua idadi ya watoto wake.

Hakuwa mtu mbaya. Hakuficha kipuri cha mtu, wala hakumzungusha mteja kwa njoo kesho, njoo keshokutwa. Alipenda nguvu, basi. Alipenda kusimama kando ya barabara akitazama gari alilolishika likiupanda mlima kwa gia ya tatu, mahali ambapo jana lilipanda kwa ya kwanza, na dereva akipunga mkono dirishani bila kugeuka nyuma. Siku kama hiyo Kajiru alikula chakula cha mchana akiwa amesimama, kwa furaha.

Juu mlimani aliishi muuguzi aliyeitwa Navoneiwa. Watu walimwita Nesi, na jina hilo lilimtosha. Alikuwa na gari dogo la milango miwili, la zamani sana, lililotengenezwa kwa ajili ya watu wa kipato kidogo: jepesi, injini yake kama mbuzi aliyelala, mafuta yake kidogo kama ya taa. Alilipata lingali jipya, naye akiwa msichana aliyeanza tu kazi ya uuguzi, na kwa miaka thelathini na minane alizunguka nalo vijiji saba. Lilibeba sanduku la barafu lenye chanjo. Lilibeba akina mama wenye uchungu, wagonjwa wa malaria, na mara moja bibi harusi ambaye lori lake lilikwama. Kila kitu ndani yake kilikuwa kile kile kilichotoka nacho kiwandani: usukani ule, viti vile, injini ile. Halikuwa na redio, na yeye hakuitafuta.

Lilikuwa linakwenda polepole. Nawaambieni, polepole. Kwenye mpando mkali uliopo kabla ya kijiji cha mwisho, chenye zahanati, wote waliokuwa wazima walishuka wakatembea kando ya gari, akabaki mgonjwa peke yake, na Nesi akapanda kwa gia ya kwanza akizungumza na waliokuwa wakitembea kana kwamba wamekaa sebuleni. Hakuona aibu. Wageni walicheka. Wenyeji hawakucheka, kwa sababu wengi wao walizaliwa baada ya mama zao kupandishwa mpando huo.

Mwaka mmoja, mvua za masika zikiwa zimeanza, gari la Nesi likaanza kutoa moshi wa buluu. Likawa linakunywa oili. Likapoteza hata ile nguvu kidogo liliyokuwa nayo. Siku moja likiwa na mama mwenye uchungu liligoma katikati ya mpando, na mtoto akazaliwa pale pale, mvua inanyesha, wanawake wawili wamenyoosha khanga juu ya mlango kama paa. Mtoto alilia, mama akapona, watu wakamshukuru Mungu. Lakini walipofika nyumbani walitazamana. Mzee Senkondo, mwenyekiti wa kijiji, mtu wa maneno machache na sauti nzito, akasema kwamba ukoo mzima wa mlima huu umepandishwa na mama mmoja, na sasa ni zamu ya mlima kumpandisha yeye. Wakauza tangawizi. Wakachanga. Mwenye debe alileta debe, mwenye kibaba alileta kibaba. Wakatuma mtu mjini, naye akapata injini kubwa, nzima, iliyotoka katika gari lililogongwa ubavuni. Jumapili ya mavuno wakaileta mbele ya kanisa juu ya mkokoteni, imepambwa kwa majani ya migomba na kufungwa utepe mwekundu.

Navoneiwa alilia alipoiona. Watu walidhani wanajua ni kwa nini analia, wakapiga vigelegele. Alishika mkono wa Mzee Senkondo kwa mikono yake miwili, akasema ahsante mara tatu, kisha akaizunguka ile injini polepole akiitazama, kama mtu aliyeletewa mgeni mkubwa katika nyumba yenye kitanda kimoja. Jumatatu yake gari na injini vilishushwa kwa Kajiru.

Kajiru alivipokea kwa moyo mweupe. Kwanza alijua kazi hii itasemwa miaka mingi: injini ya ishirini, na ya Nesi. Pili aliona kwa macho kwamba kazi yenyewe inawezekana. Akalipandisha gari kwenye magogo, akafungua boneti, akaanza kulegeza nati. Na hapo, tangu nati ya kwanza, jambo fulani likamshika mkono. Nati haikuwa imeliwa. Wala ya pili. Katika magari yote kumi na tisa aliyoyafungua hakuwahi kukuta nati ambayo haijatafunwa na spana isiyo yake, au waya uliofungiwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Hapa kila kitu kilikuwa mahali pake. Mwenye gari hakuwa fundi, lakini kwa miaka thelathini na minane hakumruhusu mtu yeyote kulifanyia kazi ya haraka. Kajiru akaitoa injini ndogo kwa winchi, akailaza juu ya meza, akaifungua kwa udadisi tu, maana ilikuwa inakwenda kutupwa. Akaingiza kidole ndani ya silinda. Zilikuwa zimenyooka. Ringi za pistoni ndizo zilizokuwa zimekwisha, na sili za valvu, vile vipete vya mpira vinavyozuia oili, zilikuwa zimekauka. Basi. Ule moshi wote ulikuwa ni ringi na sili. Injini haikuwa imekufa. Ilikuwa imechoka kama achokavyo mtu aliyefanya kazi, si kama aozavyo mti.

Alikaa juu ya ndoo, akaitazama. Kisha akainuka akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa magari yale mengine: akatoa magurudumu ili aone breki. Zilikuwa breki ndogo, za ukubwa wa sahani ya chai, safi, zilizotunzwa, na zilitengenezwa kusimamisha gari jepesi lenye injini kama mbuzi aliyelala. Akaigeukia ile injini kubwa yenye utepe mwekundu. Uzito wake peke yake ulikuwa mara mbili. Nguvu zake hata hakuzipiga hesabu. Akajua kwamba gari hili litapanda vizuri sana. Na akajua litakavyoshuka.

Lakini gari aliloliona mbele yake wakati huo halikuwa la Nesi.

Miaka sita kabla ya siku hiyo, Kajiru alikuwa na rafiki aliyeitwa Mbaga, dereva wa teksi iliyokuwa ikipandisha watu kutoka lami hadi juu. Ilikuwa gari la aina ile ile, dogo, jepesi, la watu wa kipato kidogo. Mbaga aliomba injini kubwa, na Kajiru akamwekea. Ilikuwa ya kumi na moja. Mbaga alikuja kumshukuru akiwa na kuku wawili. Wiki ya saba, akiteremka peke yake mchana kweupe, teksi ilipitiliza kwenye kona ya tatu ikaingia korongoni. Mbaga akafa. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, kwa hiyo wengine walisema ni utelezi. Wengine, na hao ndio waliosikika, walisema alikuwa amelewa. Mbaga alikuwa akinywa zamani, kabla ya kuoa, na watu hawasahau. Neno hilo likashika. Likazunguka sokoni, likaingia kanisani, likafika hadi shuleni kwa watoto wake. Mjane wake, Nakundwa, alihama benchi kanisani, akawa anakaa nyuma kabisa karibu na mlango.

Kajiru alikwenda kuliangalia lile gari lilipovutwa juu. Hakuna aliyemwomba. Alipiga magoti akashika ngoma ya breki, nayo ilikuwa imegeuka rangi ya buluu kwa joto, imepasuka kama chungu. Akaelewa yote kwa mara moja. Breki zilikuwa zimeungua zikijaribu kushika uzito na mwendo ambao hazikuumbwa kuushika. Akasimama, akajipangusa magoti, akarudi gereji. Hakusema neno. Na watu waliposema Mbaga alilewa, hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akaweka injini nyingine nane.

Sasa, mbele ya breki za Nesi, alitafuta njia ya kutoka, na akaipata upesi, kama tunavyoipata sisi sote. Angewaambia wanakijiji kwamba injini haiingii. Nafasi ni finyu, bati halikatiki, samahani sana. Angeitengeneza ile ndogo, Nesi angepata gari lake, hakuna ambaye angeumia, na korongo lingebaki kimya. Aliurudia uongo huo moyoni mara nyingi hadi ukawa laini. Ulikuwa uongo mzuri. Karibu ulikuwa wema.

Siku ya nne Navoneiwa alishuka mwenyewe kwa miguu, sanduku la chanjo begani, akielekea vijiji vya bondeni. Aliingia gereji, akaona injini yake imelala mezani vipande vipande, akavua kandambili mlangoni kama anayeingia nyumba ya mgonjwa. Kajiru alimwekea kigoda. Wakasalimiana. Kajiru akafuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nesi," akasema, "samahani sana. Injini waliyokupa haiingii."

Mama yule alitazama ile injini kubwa. Akatazama nafasi iliyo wazi chini ya boneti. Akatazama kifaa cha kuchomelea na msumeno wa chuma ukutani. Hakujua magari, lakini alikuwa amekaa miaka thelathini na minane akiwauliza watu wanaumwa wapi, na aliujua uso wa mtu anayeonyesha tumbo wakati maumivu yako kifuani.

"Mwanangu," akasema, "haiingii, au haifai?"

Kajiru aliacha kufuta mikono. Kitambaa kilimwanguka. Kisha akakaa chini, sakafuni penye oili, akamwambia yote: ngoma ya buluu, ile ya kumi na moja, kuku wawili, na kimya cha miaka sita. Aliongea akitazama mikono yake. Alipomaliza, nje palikuwa na mtu anapiga honi akitaka upepo wa tairi, na hakuna aliyekwenda kumhudumia.

Navoneiwa hakumgombeza. Alisema, "Mimi nilikuwa wa kwanza kushuka kwenye lile korongo. Nilimshika kichwa. Hakunukia pombe. Nilisema, wakaniambia Nesi ana huruma, anamfichia marehemu." Akamtazama Kajiru. "Wewe wasingekwambia hivyo. Wewe unajua magari."

"Nesi, nikisema, nimekwisha. Hii gereji imekwisha."

"Labda," akasema, na hakuongeza la kumfariji. Akainuka, akavaa kandambili zake, akatwaa sanduku lake. Mlangoni akageuka. "Gari langu linaweza kungoja. Yule mwanamke amengoja miaka sita."

Akaenda zake, kwa miguu, kwenye jua.

Jumapili iliyofuata Kajiru alipanda mlima. Hakupanda kwa gari. Alitembea saa tatu, na njiani alipita ile kona ya tatu, akasimama hapo kiasi cha mtu kuvuta pumzi kumi, kisha akaendelea. Ibada ilipokwisha na watu wakatoka uani kusikiliza matangazo, aliomba nafasi. Mzee Senkondo akampa akitabasamu, akidhani ni habari za gari. Wote walidhani hivyo. Wanawake walikuwa tayari wamejiandaa kupiga vigelegele.

Kajiru alivua kofia. Aliwaambia kwanza kuhusu zawadi. Aliwaambia kwamba hajaona zawadi iliyotolewa kwa moyo kama ile, na kwamba hataiweka. Minong'ono ikaanza. Akaeleza kwa maneno mepesi kwamba gari dogo limepimwa lote kwa pamoja: injini imepimwa kwa breki, breki kwa ekseli, ekseli kwa uzito wa bati. Ukiongeza nguvu peke yake, umeongeza mwendo wa kwenda mahali ambapo hutaweza kusimama. Kuna njia ya kuifanya kazi hiyo sawasawa, akasema, nami ningeweza: kubadili breki, na ekseli, na springi, na usukani, na kuimarisha sakafu yote. Lakini nikimaliza, gari la Nesi litakuwa limebaki milango na jina.

Mzee Senkondo alikuwa hatabasamu tena. "Fundi," akasema kwa sauti yake nzito, "umeweka injini kubwa katika magari ya mlima huu kumi na tisa. Hizo breki hukuziona?"

Hapo ndipo palikuwa na mlango wa mwisho. Angeweza kusema kwamba siku hizo alikuwa hajajua. Wengi wangemwamini. Kajiru alimtafuta kwa macho mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama nyuma ya wote, karibu na ukuta, akamsemesha yeye.

"Shemeji Nakundwa," akasema, "mumeo hakulewa. Ile injini niliiweka mimi, na breki sikuzigusa. Niliona ngoma imeungua siku ile ile, nikanyamaza."

Ndugu zangu, ua ule ulikuwa na watu karibu mia mbili, na ungeweza kusikia kuku akiparua majani. Nakundwa hakulia wala hakupiga kelele. Alisimama pale akiwa ameshika mkoba wake kifuani. Kisha akapita katikati ya watu, wakampisha, akafika mbele ya Kajiru akamtazama.

"Miaka sita," akasema hatimaye, "nimekwenda kwenye kaburi lake kumgombeza."

Aligeuka akatoka uani, na dada yake akamfuata.

Sitawaficha yaliyofuata. Hayakuwa mepesi. Kajiru alikwenda kituo cha polisi mwenyewe akaandikisha maelezo. Wakamwita mara tatu, na mara tatu akaenda, na mwisho wakamwambia atasikia kama kuna lolote. Wateja walipungua hadi wakawa wa kujaza upepo. Wenye magari manane yaliyokuwa bado barabarani walirudi, wengine wakiwa wamekasirika, na yeye akawapimia breki mmoja baada ya mwingine na kuwabadilishia zile zilizohitaji kubadilishwa, kwa gharama yake, mpaka akauza winchi yake. Mzee Senkondo hakumsalimia kwa mwaka mzima. Aliona zawadi ya kijiji imetiwa aibu mbele ya kanisa, na pengine aliona kwamba yeye mwenyewe, kwa upendo wote ule, alikuwa karibu kumpeleka Nesi kwenye kona ya tatu. Si rahisi kumsamehe mtu aliyekuonyesha jambo kama hilo. Injini kubwa ilichukuliwa na mwenye lori, ambaye lori lake lilitengenezwa kwa injini ya ukubwa ule, na fedha yake ikanunua jokofu la chanjo kwa ajili ya zahanati.

Lakini katika miezi hiyo hiyo Kajiru alifanya kazi nzuri kuliko zote alizozifanya maishani. Alitafuta ringi za injini ile ya zamani mjini, hakupata. Akaandika barua kwa mafundi wazee wa miji miwili mingine. Mmoja wao akajibu kwamba anayo seti moja, imefungwa kwenye karatasi ya mafuta tangu enzi hizo, na hakuwahi kumpata mtu wa kumpa. Kajiru akazifuata kwa basi. Sili alizikata mwenyewe. Valvu alizisaga kwa mkono, kwa subira, akizungusha kijiti kati ya viganja kama mtu anayetafuta moto, hadi zilipokaa bila kuvuja hata tone. Alisafisha kila tundu la kabureta kwa unyoya. Alijifunza injini ile kama mtu anavyojifunza lugha, na kadiri alivyojifunza ndivyo alivyozidi kuistaajabia. Watu waliochora kitu kile hawakuwa na mali ya kutapanya. Hawakuweka chuma mahali ambapo chuma hakikuhitajika, wala hawakukinyima mahali kilipohitajika. Kila kitu kilijua kazi yake na kiliifanya kwa kidogo. Siku moja alijikuta akiiambia kwa sauti, peke yake gerejini, "Kumbe hukupungukiwa na kitu." Akaona haya, akacheka.

Wakati wote huo Navoneiwa alitembea. Vijiji saba, kwa miguu, akiwa na miaka sitini na moja. Watu walimwonea huruma, wakamuuliza kama hajuti kuikosa zawadi. Alisema anajuta magoti tu. Kajiru alifunga gereji siku za chanjo akaenda kumbebea sanduku, na walitembea masaa bila kuongea sana. Katika safari hizo watu wa vijijini waliwaona wawili hao wakipita, na hasira iliyokuwa juu ya Kajiru ikaanza kupoa, taratibu, kama uji.

Baada ya miezi mitatu gari likawa tayari. Kajiru akalipandisha juu mwenyewe. Lilipofika kwenye mpando mkali lilipunguza mwendo likashika gia ya kwanza, kama lilivyofanya siku zote, nalo likapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Halikutoa moshi. Halikulia. Lilitoa ile sauti yake ndogo ya cherehani, sawasawa, tangu chini hadi juu, na akina mama waliokuwa shambani wakanyoosha migongo wakasema, "Nesi amerudi barabarani." Kajiru, ambaye maisha yake yote alipenda gari linaloupanda mlima kwa kasi, alikuta machozi yanamtoka kwa ajili ya gari lililoupanda bila haraka.

Kuhusu Nakundwa: alikaa wiki nane bila kuonana na Kajiru. Kisha akatokea gereji siku ya soko, akiwa na wanawe wawili waliokwisha kuwa wakubwa. Kajiru aliacha kazi akasimama. Mwanamke yule hakusema amemsamehe, na mimi sitaliweka neno hilo kinywani mwake. Alisema tu, mbele ya wanawe, "Shemeji, waeleze hawa baba yao alivyokuwa akiendesha." Kajiru akawaeleza. Akawaambia baba yao alikuwa akipunguza mwendo kwenye kila kona, hata isiyo na mtu. Kwamba hakuwahi kumwacha mzee barabarani kwa kukosa nauli. Kwamba siku ile ya mwisho, alama za matairi zilionyesha alikanyaga breki mapema, mapema kama dereva mwangalifu, na zilikataa zenyewe. Vijana walisikiliza wakiwa wamesimama wima. Jumapili iliyofuata mama yao alikaa benchi la pili kutoka mbele, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Navoneiwa aliendesha gari lile miaka tisa zaidi, hadi macho yalipokataa. Kajiru hakuweka injini ya ishirini. Walikuja watu na magari yao madogo na tamaa ile ile aliyokuwa nayo zamani, na yeye aliwakaribisha, akatoa magurudumu kwanza kabla ya kufungua boneti, akawaonyesha. Wengine waliondoka wakaenda kwa fundi mwingine. Wengine walibaki, na hao magari yao bado yanapanda, polepole, yakiwa na kila kitu yalichozaliwa nacho.

Nanyi mnaoamka kila asubuhi na kumwomba Mungu awaongezee nguvu: siku atakapotaka kuwapa, ni nani kati ya rafiki zenu atakayekuwa radhi kupoteza jina lake ili awaambie ukweli kuhusu breki?